TAHARIRI: Debe la Mbegu Lisiguswe



Pamba tunaiuza na mbegu yake ndani. Hilo hatuna ujanja nalo. Mbegu inabaki kiwandani inakochambuliwa, na kila msimu tunangoja turudishiwe kwa mgao. Ikichelewa, na sisi tunachelewa.

Lakini kunde na choroko si pamba. Mbegu yake ni punje ile ile tunayopika. Haingoji kiwanda wala lori. Sasa jamani, kwa nini wingu la kwanza likifunga tunaanza kuzunguka na bakuli kwa majirani kuomba mbegu ya kunde?

Jibu tunalijua wote. Wakati wa mavuno mnunuzi anakuja na mizani mpaka uani. Bei iko chini kwa sababu kila mtu anazo, lakini shida ziko mlangoni, basi tunapima zote. Zinazobaki tunakula. Mvua ikija tunakwenda gulioni kununua kwa bei kubwa kitu kile kile tulichouza kwa bei ndogo. Tena tunanunua punje zilizochanganywa, nusu zimetobolewa, na hakuna anayejua ni za mwaka gani.

Msimamo wa gazeti hili ni huu: kila kaya iweke debe moja la mbegu ya kunde au choroko, na debe hilo lisiguswe.

Kwa nini debe zima? Ekari moja inataka kama kilo 8 hadi 10 za mbegu. Debe lina kilo 16 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba ukipanda ekari moja, unabaki na mbegu karibu ya kupanda mara ya pili. Na huku kwetu mara ya pili ndiyo inayookoa watu. Mvua huanza vizuri, halafu Januari au Februari jua linakaa wiki mbili, tatu, na miche yote inakauka. Mahindi yakiungua Februari, mwaka umekwisha. Lakini kunde na choroko za muda mfupi hukomaa kwa siku kama 60 hadi 80. Mvua ikirudi, mwenye mbegu nyumbani anapanda kesho yake asubuhi. Asiye na mbegu anaanza kutafuta nauli.

Wazee wanakumbuka ukame wa mwaka 1974, na jinsi nchi nzima ilivyoitwa kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona. Wanakumbuka pia kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu virudi. Katika miaka hiyo mambo ya pamba yaliamuliwa mbali na sisi. Kunde ziliendelea kuota kwa sababu mbegu ilikuwa ndani ya chungu cha mama, haikuwa ikingoja barua ya mtu. Huo ndio kujitegemea kwenyewe, si kwa maneno.

Sasa tueleze kazi, maana maneno matupu hayaoti.

Kwanza, mbegu huchaguliwa shambani, haichaguliwi ghalani. Mimea ingali imesimama, pita ukafunge kamba kwenye ile yenye afya, iliyowahi na kuzaa sana. Mmea wenye majani ya batobato uache, hata ukiwa na maganda mengi, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuingia ndani ya punje na kurudi mwakani. Ua la kunde au choroko kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Si kama mahindi chotara, ambayo ukirudia punje zake shamba linakuja mchanganyiko.

Pili, vuna mapema maganda yakikauka. Choroko hazikomai zote pamoja, basi pita mara mbili au tatu. Ukizingoja zote, za kwanza zitapasuka na kumwagika. Anika juu ya turubai, usianike chini. Uma punje kwa jino: ikivunjika kwa kishindo, imekauka, ikibonyea, bado.

Tatu, fukusi. Huyu huanzia shambani. Hutaga mayai juu ya maganda na punje, funza anaingia ndani, na sisi tunakuja kuona tundu yeye ameshatoka. Dawa ya wazee inafanya kazi: majivu yaliyopoa, yaliyochekechwa, kiasi kinachokaribia punje zenyewe, yachanganywe mpaka yazibe nafasi zote. Au tumia dumu lililokauka kabisa: lijaze mpaka shingoni, lifunge lisipitishe hewa, na usilifungue ovyo. Mdudu akikosa hewa hazaliani. Mifuko ya tabaka tatu nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Hapa tunaonya kwa sauti kubwa: dawa ya pamba isiguse kunde. Njaa ikibana, debe hilo linaweza kuingia jikoni, na aliyepika hatajua kilichomo. Vile vile mbegu ya dukani iliyopakwa rangi ina dawa, hailiwi hata ikioshwa.

Nne, mwezi wa Oktoba hesabu punje 100, zikunje ndani ya kitambaa kibichi, na kisikauke. Baada ya siku tano hadi saba zihesabu. Zikiota 80 na kuendelea, lala usingizi. Zikiota 60, ongeza punje kwenye kila shimo. Chini ya 50, tafuta nyingine mapema, kabla mvua haijakukuta.

Anayetaka aina mpya asikatazwe. Wataalamu wa utafiti wa Ilonga, kule Kilosa, walitoa kunde kama Tumaini, Fahari na Vuli, na choroko kama Nuru na Imara. Nunua kidogo iliyothibitishwa, kisha jizalishie ya nyumbani. Ila kuuza mbegu kibiashara kuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Mwenye nia hiyo amuone bwana shamba kwanza.

Limebaki neno moja, na si la kilimo. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayepalilia kunde, anayechuma majani na kukausha nsansa, na ndiye anayejua mbegu ipi ilitoka wapi. Lakini mizani ikija, anayepokea hela ni baba. Akina baba, tuambiane ukweli: debe la mbegu likiuzwa bila mama kukubali, hiyo si biashara, ni kuuza chakula cha watoto cha mwaka ujao.

Tunaomba mkutano wa chama ulijadili jambo hili kabla ya mavuno. Tunapendekeza kila mwanachama aweke debe lake, na atakayevuna vizuri amkopeshe jirani bakuli moja, alipwe bakuli moja na nusu msimu ukiisha. Hakuna hela inayotakiwa hapo, ni uaminifu tu.

Akiba haiozi. Lakini ya kunde isipotiwa majivu hutobolewa, na ikiuzwa yote haipo tena.

Mhariri