Wimbo Ulioimbwa Mbele ya Polisi

Wako wanaosema kwamba nyimbo za vikundi vya wasichana wa Korea ya Kusini ni makelele na mavazi tu. Sisi tunaona kwamba hukumu hiyo imetolewa kwa haraka mno, na wimbo mmoja watosha kuonyesha sababu.

Katika mwezi wa nane 2007, kikundi cha wasichana tisa kiitwacho Girls' Generation kilipanda jukwaani na wimbo wake wa kwanza, Into the New World. Mdundo wake ni wa kasi, wachezaji hurusha miguu kwa pamoja, na maneno yake yanamhimiza mtu asirudi nyuma njia inapokuwa ngumu. Hatufichi kwamba wimbo huo ulikuwa bidhaa. Kampuni ya SM Entertainment iliwachagua wasichana hao, ikawafundisha, ikawauza kwa watu.

Lakini bidhaa ikishauzwa, aliyeinunua ndiye anayeamua itamfaa kwa kazi gani. Katika mwezi wa saba 2016, wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Ewha, mjini Seoul, waliketi ndani ya jengo la chuo wakipinga mpango wa utawala ambao, kwa maneno yao, haukujadiliwa nao. Tarehe 30 waliletewa polisi zaidi ya elfu moja. Wanafunzi wakashikana mikono, wakauimba wimbo huo waliouzoea tangu utoto wao.

Je, wimbo uliwazuia polisi? Hapana. Wanafunzi waliondolewa kwa nguvu. Hata hivyo, tarehe 3 ya mwezi uliofuata, utawala uliuacha mpango wake. Hatusemi kwamba wimbo ndio ulioshinda; walioshinda ni wale waliokataa kuachana. Wimbo uliwasaidia kwa jambo moja: aliyeogopa alisikia kwamba jirani yake yupo bado. Katika mwezi wa kumi na mbili 2024, umati ulipodai Rais Yoon Suk Yeol aondolewe baada ya kutangaza sheria ya kijeshi, wimbo uleule ulisikika tena mjini Seoul.

Kwa hiyo tusiupime wimbo kwa mdundo wake, wala kwa nchi ulikotoka. Mtu aweza kuimba wimbo wa ushujaa chumbani mwake, akajiona shujaa, kisha akanyamaza dada yake anapodhulumiwa mbele ya macho yake. Huyo amefurahishwa, lakini hajatiwa nguvu.

Katika vikundi vyetu wamo wanaozijua nyimbo hizi hatua kwa hatua. Wacheze, hatuna neno. Ila twawaomba jambo hili: siku msichana mmoja wa kikundi atakapokatazwa kusoma, au atakapoaibishwa bila kosa, wale waliocheza naye wawe wa kwanza kusimama kando yake, hata kama siku hiyo hakuna muziki.