Gofu: acheni bonasi, tazameni nafasi ya tano

Ligi za Ulaya zikilala mwezi wa Juni, vijana wa Kasaji hawalali. Wanaanza na mpira wa kompyuta, wanahamia tenisi, halafu wanajikuta kwenye gofu, mchezo ambao wengi wao hawajawahi hata kuishika fimbo yake. Kwetu sisi wa Katanga ya zamani, Golf ni mtaa wa wenye nacho kule Lubumbashi, basi. Wenzetu wa Zambia wana habari nyingine: Kitwe kuna uwanja wa Nkana, ambao umepokea Zambia Open, na mwaka 2006 Madalitso Muthiya alikuwa Mzambia wa kwanza kucheza U.S. Open. Upande wetu wa shaba, gofu tumeijulia kwenye tiketi ya kubeti.

Mimi nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, si mbali na stesheni. Makuta ya kubeti yanapita mkononi mwangu yakienda, na yakirudi nayaona pia. Kamisheni napata kwenye safari zote mbili, kwa hiyo msomaji asinihesabu miongoni mwa watakatifu. Wala simkatazi mtu mzima kubeti. Ninachokataa ni lile swali ninaloulizwa kila mara: "Yaya, kampuni gani inatoa odi kubwa?" Au lingine baya zaidi: "Ipi inatoa bonasi?"

Kwenye mpira swali la odi lina maana. Timu ni mbili, matokeo ni matatu, dakika tisini zimekwisha, kila mtu anajua nani kala nani kaliwa. Kwenye gofu wanaweza kuanza watu 156, wanacheza siku nne, na mwishoni wengi wanafungana. Hapo kinachoamua mfuko wako ni kanuni ya kampuni, ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo, ambayo hakuna anayeifungua kwa sababu inakula megabaiti.

Tuchukue Masters ya Augusta, Aprili 2025. Rory McIlroy alimshinda Justin Rose kwenye shimo la nyongeza. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane umepita. Patrick Reed alikuwa wa tatu, Scottie Scheffler wa nne. Nafasi ya tano walifungana wawili, Im Sung-jae na Bryson DeChambeau. Sasa tuseme ulikuwa na mmoja wa hao wawili, kwa malipo ya 80 kwa moja (namba hiyo ni ya mfano tu). Ulitoa franka 4,000: 2,000 kwamba atashinda, 2,000 kwamba ataingia nafasi za juu. Zile za ushindi zimekwenda, usizilie.

Kampuni ya kwanza inalipa nafasi tano, kwa robo ya odi, yaani 20 kwa moja. Lakini nafasi ya tano ni moja na watu ni wawili, kwa hiyo dau lako linakatwa nusu. Franka 1,000 mara 20, jumlisha ile 1,000 yako: unapokea 21,000. Kampuni ya pili inalipa nafasi nane, kwa moja ya tano ya odi, yaani 16 kwa moja. Kijana wa kibandani angeikimbia, 16 ni ndogo kuliko 20. Ila hapa wa tano wawili wote wako ndani, hakuna kukatwa: 2,000 mara 16, jumlisha 2,000, unapokea 34,000. Mchezaji ni yuleyule, siku ni ileile, na tofauti ni franka 13,000. Hakuna bonasi ya kukaribisha inayofanya kazi hiyo, hasa zile zinazokutaka ubeti tena na tena kabla ya kuruhusiwa kutoa hata mia.

Nimewahi kuletewa simu na kijana aliyekatwa namna hiyo. "Yaya, hawa watu wamekula makuta yangu!" Hawakula. Walikuwa wameandika, kwa Kiingereza, mwisho kabisa wa ukurasa. Lakini kumuuzia mtu wa Kasaji tiketi ambayo kanuni yake iko kwa lugha asiyoisoma, hilo nalo lina jina lake, nami nawaachia wenyewe walitaje.

Kanuni nyingine ya kuulizia: mchezaji akijitoa. Kwa kawaida asipoanza kabisa, dau linarudi. Akipiga mpira wa kwanza kisha akashika mgongo akaondoka, pesa imekufa.

Kwa mwenye franka 2,000 tu mimi nampeleka kwenye watatu wanaocheza pamoja, nani atapiga vizuri zaidi siku hiyo. Jioni unajua. Na hesabu ya faida ya kampuni unaweza kuifanya mwenyewe: gawa 100 kwa kila odi iliyoandikwa kwa desimali, ujumlishe. Watatu wenye odi 2.75 kila mmoja wanafika 109. Ile tisa iliyozidi ndiyo ya mwenye duka. Jaribu kujumlisha majina 156 ya kumtafuta bingwa uone itapanda wapi.

Halafu kuna kulipwa. Teremka chini ya tovuti nyingi za nje utakuta leseni ya Curaçao, kisiwa cha bahari ya Karibea. Ukidhulumiwa utapanda treni gani kwenda kushtaki? Afadhali kampuni yenye ofisi Kolwezi au Lubumbashi, inayolipa kwenye namba ileile ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako. Na ukishinda, toa. Kenya mwaka 2019 serikali ilizuia leseni za kampuni 27 za kubeti kwa mkupuo, na SportPesa, iliyokuwa jina la kifuani pa Everton, ikasimamisha kazi nchini humo mwezi wa Septemba. Jina kubwa si sanduku la akiba.

Kampuni hizi zinajua kubandika ukutani picha za wachezaji na ahadi za bonasi. Zibandike pia kanuni ya kufungana na idadi ya nafasi zinazolipwa, kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa herufi za ukubwa uleule. Mkoa unaotoza vibanda kodi unaweza kulidai hilo bila kutumia hata senti.

Nilipomweleza haya mteja wangu mmoja, alicheka. "Yaya, wakibandika hiyo, nani atabeti?" Kisha akanipa franka 3,000 nimtumie. Nilimuuliza tu wanalipa nafasi ngapi, na kwa mara ya kwanza akatoa simu akatafuta.