Acheni kumchoma mtoto eti nywele zilale nyuma

SEHEMU YA 1

Mama zangu, leo sibembelezi mtu. Msimu wa harusi na sikukuu unakaribia, na mimi najua tutakaowapokea.

Jumamosi moja jioni nikiwa zamu, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitano, kavaa suti nyeupe na tai ya kipepeo. Alikuwa mtoto wa maua kwenye harusi ya mjomba wake. Ukumbini hakufika. Kuanzia kwenye paji la uso mpaka utosini ni malengelenge, nyuma ya sikio ngozi imetoka, na juu yake wamempaka dawa ya meno. Mama yake analia kuliko yeye: "Sista, kinyozi alisema itawasha kidogo tu. Nikamwambia mwanangu avumilie, mbona sisi tunavumilia."

Kisa chenyewe? Nywele zilale nyuma kama za bwana harusi.

Hiyo "mbona sisi tunavumilia" imenikaa kichwani mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 2: Hiyo "dawa" inatibu nini?

Tunaiita dawa, lakini hakuna ugonjwa inaotibu. Soma kopo. Aina nyingi zina "sodium hydroxide". Hiyo ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ileile ya kuzibulia sinki. Mnaijua. Mnaishika kwa glavu.

Kwenye kipimo cha ukali, maji safi yako 7 na mwisho ni 14. Dawa za kulainisha nywele huwa 12 na kuendelea. Kazi yake ni kuingia ndani ya unywele na kuvunja viungio vinavyoupa mkunjo wake. Sasa nambie, kitu chenye nguvu ya kuvunja unywele kikigusa ngozi ya mtoto, kinajuaje kwamba hapa nisimame?

Na ukali wa namna hii hauishii juu. Unaendelea kuzama mpaka uoshwe. Kwa hiyo mtoto akisema "inawasha", hadeki. Hiyo ndiyo kengele. Wewe unamwambia avumilie, watu wawili wanamshika mikono, kinyozi anasema bado dakika mbili.

SEHEMU YA 3: "Lakini sista, hii ni ya watoto"

Najua. Kopo lina picha ya mtoto anacheka. Nyingi ya hizo hazina kostiki, zina "calcium hydroxide", yaani chokaa, inayochanganywa na kimiminika kingine ili ipate nguvu. Nayo inaunguza. Picha haipunguzi ukali.

Na ukibaki na kopo nyumbani, kumbuka linafanana na mtindi. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Akilamba, usimtapishe, maana itamuunguza tena koo ikirudi. Mfute na kumsukutua mdomo kwa maji, kimbia hospitali, na kopo beba.

SEHEMU YA 4: Kwa wale wa "wanaume nao wana haki ya kupendeza"

Wanayo. Mwanamume mzima akiamua kuchoma kichwa chake, kichwa ni chake na hela ni zake. Wala si jambo jipya. Wanaume weusi Marekani walilaza nywele kwa kostiki miaka mingi iliyopita. Malcolm X alisimulia kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1965, jinsi alivyochomwa kichwa kwa mchanganyiko wa kostiki, mayai na viazi, na jinsi alivyokuja kuona aibu baadaye. Yule alikuwa kijana aliyetaka mwenyewe. Wa kwako ana miaka mitano. Aliomba lini?

Tuseme ukweli. Aliyeomba ni wewe. Umeangalia lile bango la saluni lenye vichwa vyenye namba, ukachagua kichwa chenye nywele za singa, ukataka kibandikwe kwa mtoto mwenye kipilipili. Nywele za singa zinalala nyuma kwa maji na kitana kwa sababu ndivyo zilivyoota. Za mwanao zimeota zikijikunja. Hazijakosea.

Na hesabu yenyewe haiingii akilini. Unywele unakua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kipilipili kinarudi kwenye mizizi hata kabla deni la harusi halijaisha. Januari shule nyingi zinataka mtoto anyolewe. Umemchomea mtoto mtindo wa wiki tatu! Akipata kovu, kovu halioti nywele. Uliyemtafutia nywele za kulala anaweza kubaki na mahali pasipoota chochote.

SEHEMU YA 5: Mnataka zilale nyuma? Jifunzeni kuzichana

Sikatazi mtindo. Nakataza kuunguza. Fanya hivi:

Nywele fupi: akitoka kuoga zikiwa na unyevu, paka mafuta kidogo ya nazi. Chukua brashi laini, isiwe ya waya. Piga kutoka kwenye paji kwenda utosini, utosini kwenda kisogoni, na pembeni kwa mshazari kwenda nyuma. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Kabla ya kutoka, mfunge kitambaa laini kama nusu saa, kisibane, na asilale nacho. Baada ya wiki kadhaa zinatulia, zinakaa mawimbi mawimbi. Hazitakuwa singa, lakini zitapendeza.

Nywele ndefu: chanuo la meno mapana, anzia nchani urudi kwenye shina, zikiwa na unyevu. Ukianzia kwenye shina unamkata na kumliza bure. Halafu bibi zetu walishatatua hili zamani: twende kilioni. Zote zinaenda nyuma, bila kostiki. Ila usikaze mpaka nyusi zipande. Ukiona vipele kwenye mstari wa nywele, fumua siku hiyohiyo. Kuvuta kila mara kunamaliza nywele za mbele.

Brashi iwe yake. Mapunye yanasafiri kwa brashi na mashine ya kinyozi. Ukiona mabaka yenye magamba na nywele zinakatika, mlete. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kunywa, ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina.

SEHEMU YA 6: Kama ameshaungua

Maji. Ya bomba, yanayotiririka, mengi, dakika 20 au zaidi, hapohapo saluni. Mlaze kichwa nyuma ili maji yasiingie machoni. Nguo zilizodondokewa zivue. Ndimu na siki usiweke, zinaweza kuongeza joto. Dawa ya meno, yai, asali, mafuta, vyote hapana. Malengelenge usipasue. Ikiingia jichoni, osha jicho njia nzima mpaka hospitali. Usingoje harusi iishe.

SEHEMU YA 7: Mwisho

Yule mtoto, wakati namsafisha, hakuniuliza kuhusu kidonda. Aliniuliza, "Sista, nywele zangu bado mbaya?"

Miaka mitano. Nani kamfundisha kwamba ni mbaya? Ni sisi, tunaosema mbele yake kwamba kichwa chake ni kama stilwaya, halafu tunamlipia kinyozi akirekebishe.

Kama una mtoto wa maua mwaka huu, mpeleke saluni mwenyewe na usitoke nje kupokea simu. Mwambie kinyozi: maji, mafuta, brashi. Dawa hapana. Akikwambia itawasha kidogo tu, mshike mwanao mkono mwondoke.

Mtumie na baba yake asome. Mara nyingi ndiye anayempeleka.