Mwosha Boila Hapigwi Picha

Kila mwaka, baridi inapokwisha Uingereza, magazeti ya huku hujaa picha za magarimoshi ya zamani. Mvuke unapaa, shaba inang'aa, dereva kavaa kofia yake, watoto wanapunga mikono. Sina ugomvi na watoto. Ugomvi wangu ni na watu wazima wanaotazama picha hiyo wakadhani wameiona kazi. Kazi hiyo ilifanyika Januari na Februari, ndani ya banda lisilo na joto, na hakuna mtu anayetaka kutundika ukutani picha ya mzee aliyelala chali kwenye maji ya kutu.

Nasema haya kama mtu aliyeishika kazi hiyo katika nchi mbili. Niliingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1973, kijana asiyejua tofauti ya spana na nyundo. Siku hizo injini za aina ya 59 zilikuwa bado zinavuta mizigo. Zilikuwa 34 kwa jumla, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Maisha yakanileta Uingereza, na leo, nikiwa mstaafu, najitolea katika reli ndogo ya kumbukumbu ambayo sitaitaja jina.

Hebu nieleze kwanza kinachofanyika. Boila huachwa ipoe polepole, maana chuma kilichopozwa kwa haraka hupasuka. Kisha maji yote hutolewa, pamoja na yale yaliyojificha kwenye mabomba na pampu. Yakibaki humo usiku wa barafu hutanuka na kulipasua bomba. Vizibo hufunguliwa kimoja kimoja, na vingine havikubali mpaka mtu apoteze ngozi ya vidole. Hapo huingizwa mpira wa maji ya nguvu na vyuma virefu vya kukwangua ukoga, yaani lile gaga la chokaa linaloganda ndani kama ndani ya birika la chai. Mirija ya moshi, ambayo katika injini kubwa huzidi 100, hupitishwa brashi mmoja baada ya mwingine. Majivu hukombwa yote, kwa kuwa yakipata unyevu hugeuka asidi na kula chuma. Halafu mtu mwembamba huingia kwenye chumba cha moto na taa yake, akakagua kila kichwa cha boliti. Siku hizi mtu mwembamba ni adimu. Wengi wetu tumezeeka na matumbo yametoka.

Sasa nije kwenye shutuma yangu. Wanaoitwa wahifadhi wamehifadhi chuma. Wamemhifadhi dereva, kofia yake na filimbi yake, hata vikombe vya chai vya stesheni. Mwosha boila hawakumhifadhi. Enzi zetu Nairobi hiyo ilikuwa ajira: palikuwa na zamu, na msimamizi, na mshahara mwisho wa mwezi. Injini ikitimiza siku zake inaoshwa, iwe masika au kiangazi, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu mwenye mapenzi na kazi hiyo. Leo shughuli ileile, yenye hatari ileile, imeachiwa wastaafu wa siku za Jumamosi, eti kwa sababu wanaipenda. Wallahi hakuna anayependa kukwangua ukoga. Tunapenda garimoshi, na mapenzi hayo yamegeuzwa kisingizio cha kutoajiri mtu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Flying Scotsman, injini mashuhuri kuliko zote Uingereza, ilinunuliwa kwa ajili ya taifa mwaka 2004 kwa takriban pauni milioni 2.3. Umma ulichanga kwa shangwe. Ilipofunguliwa ndani, ukarabati ukachukua miaka kumi hivi, mpaka 2016, na ukagharimu karibu pauni milioni 4.2. Kuitengeneza kulizidi kuinunua! Somo hilo lingetosha, lakini kwenye kamati yetu bado nasikia hoja kwamba rangi mpya ya mabehewa haiwezi kungoja, ila mirija mipya inaweza. Mwaka jana rangi ilipita kwa kura, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa safi kabisa.

Mtu atasema huyu mzee anazidisha, mambo ya rangi ni mambo ya rangi. Basi akumbuke Pennsylvania, Marekani, tarehe 16 Juni 1995. Garimoshi la watalii lilikuwa njiani na abiria mamia kadhaa. Maji yalipungua ndani ya boila, lakini njia nyembamba zinazopeleka maji kwenye kioo cha kupimia zilikuwa zimezibwa na ukoga, kwa hiyo kioo hakikusema kweli. Paa la chumba cha moto likaungua na kushindwa, mvuke ukawarukia wahudumu watatu wakaungua, mmoja vibaya sana. Abiria walisalimika. Wachunguzi wa serikali waliilaumu menejimenti kwa kutokagua na kutotunza boila ipasavyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa takriban lita 1,600. Nayo boila hubeba maelfu ya lita.

Wenzangu hunijibu kwamba fedha hutoka kwenye magarimoshi ya Krismasi, yale ya mzee mwenye ndevu nyeupe anayegawa zawadi, na kwamba bila hayo tungefunga milango. Ni kweli, reli nyingi za namna hii hula mwaka mzima kwa mapato ya Desemba. Ninachouliza ni fedha hizo zinakwenda wapi Januari. Mimi nataka sehemu ya kila tiketi itengwe kwa boila, isiguswe na kamati yoyote, na imlipe kijana mmoja au wawili wajifunze kazi hii wakati sisi bado tuna pumzi ya kuwafundisha. Vitabu vipo, ila sauti ya boliti iliyovunjika unapoigonga kwa nyundo haimo kitabuni. Tunaoijua tunazikwa mmoja mmoja. Na reli isiyomudu kuosha injini tatu iwashe moja, mbili zikae baridi. Wageni watanuna, wanune.

Nawe msomaji, siku ukienda na wanao, usimuulize mwongozaji injini iliundwa mwaka gani, hilo amelikariri. Muulize iliyooshwa mara ya mwisho ni lini, aliyeiosha ni nani, na kama alilipwa.