Thamani ya Almasi Iko Mikononi mwa Nani?

Katika miaka ya 1870, mtu aliyekwenda sokoni Ujiji kununua samaki, chumvi ya Uvinza au mafuta ya mawese hakuhitaji sarafu. Alichukua ushanga ulioitwa sofi, vipande vidogo mfano wa mrija wa kiko uliovunjika, navyo vilipokewa na kila muuzaji. Cameron, msafiri wa Kiingereza aliyefika hapa mwaka 1874, aliandika habari zake. Ushanga huo ulitengenezwa ng'ambo ukaletwa na misafara iliyotoka pwani. Leo ukiupeleka Kibirizi haukupatii hata fungu moja la dagaa. Ushanga haukubadilika, waliobadilika ni watu.

Tumeanza na ushanga kwa sababu nia yetu ni kuzungumza juu ya almasi. Mkoa wa Kigoma hauna mgodi mkubwa wa vito hivyo, walakini tumekaa baina ya nchi mbili za almasi. Mashariki iko Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Magharibi, ng'ambo ya ziwa na mbali kupita Kalemie, iko Kasai ya Kongo, ambako almasi imechimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Tena mali iliyo ardhini ni mali ya taifa zima. Kwa hiyo swali la nani anayepanga bei ya almasi linamhusu mkazi wa Ujiji, na ndugu yetu wa Unguja na Pemba, sawasawa na linavyomhusu mkazi wa Shinyanga.

Wengi hudhani kwamba almasi ni ghali kwa sababu ni adimu. Hiyo ni nusu ya kweli. Sehemu kubwa ya mawe ya Kasai ni ya viwandani, yafaayo kutobolea na kukatia vitu vigumu, na bei yake ni ndogo. Jiwe la kito hupimwa uzito kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2, kisha hutazamwa rangi yake, usafi wake wa ndani, na mkato wake. Jiwe moja la karati mbili hupita bei ya mawili ya karati moja moja yenye sifa zilezile, kwa kuwa makubwa ni machache. Hayo ni ya jiwe lenyewe. Yaliyobaki ni ya wanadamu.

Mvuvi wa Kibirizi anaufahamu uhaba vizuri. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hupungua na bei hupanda. Giza likirudi, bei hushuka. Lakini dagaa, hata wakikaushwa vizuri, hawangoji miaka. Almasi hungoja. Kampuni ya De Beers, iliyoundwa Afrika Kusini mwaka 1888, ilijenga utajiri wake juu ya jambo hilo. Uchumi wa dunia ulipoanguka katika miaka ya 1930, migodi ilifungwa na mawe yakawekwa ghalani hadi wanunuzi waliporudi. Baadaye, kuanzia mwaka 1947, matangazo yake huko Marekani yakawafundisha watu kwamba almasi ni ya milele, na kwamba uchumba bila pete ya almasi haujakamilika. Uhaba ukalindwa na tamaa ikapaliliwa. Udhibiti ule ulilegea mwanzoni mwa karne hii, lakini somo lake limebaki: mwenye ghala na mwenye kipaza sauti humshinda mwenye shimo.

Hebu tutazame mfano wa nyumbani. Mwaka 2021 jiwe ghafi la waridi la Mwadui, lenye karati 32.32, liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8. Likakatwa na kung'arishwa, uzito wake ukashuka hadi karati 11.15. Mwezi Oktoba 2022, katika mnada wa Hong Kong, jiwe hilo lilinunuliwa kwa dola milioni 57.7. Uzito ulipungua hadi kama theluthi, na bei ikapita mara nne ya ile ya kwanza. Hatusemi kwamba mkataji hakustahili malipo, maana yeye huhatarisha mtaji wake, na kosa moja laweza kuliharibu jiwe zima. Tunasema kwamba sehemu kubwa ya nyongeza ile ilizaliwa mahali penye ujuzi, na mahali hapo hapakuwa hapa kwetu.

Hatuwezi kusema kwamba hatukujaribu. Iringa palikuwa na kiwanda cha umma cha kukata almasi, Tancut, nacho kazi yake ikasimama. Mwezi Septemba 2017 serikali ilizuia katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mzigo wa Mwadui wenye karati zaidi ya 71,000. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola zipatazo milioni 14.8, serikali ikasema thamani halisi ilikuwa milioni 29.5. Kampuni ilikana kwamba ilidanganya. Sisi hatukai hapa kuwa mahakimu wa kesi hiyo. Linalotushtua ni kwamba mzigo mmoja wa mawe waweza kuwa na bei mbili zilizoachana kiasi hicho, na mwananchi asiwe na njia ya kujua ipi ni ya kweli. Taifa lisilo na wathamini hodari, waadilifu na wanaolipwa vya kutosha, huuza kwa macho ya mnunuzi.

Lipo na jambo la pili, ambalo wasomaji wetu wa visiwani watalielewa upesi. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake. Ilipopanda mikarafuu yake hadi kujitosheleza, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980, na nyumba nyingi za Pemba zikaonja uchungu wake. Almasi nayo imepatwa na mfano wa hayo. Mawe yanayotengenezwa maabara, ambayo ni almasi kamili wala si vioo, yameenea madukani katika miaka ya karibuni kwa bei ndogo sana, na bei ya mawe ya ardhini imetikisika. Mawe adimu kama lile la waridi bado yana wapenzi wake, lakini kijiwe cha kawaida hakina tena kinga kiliyokuwa nayo.

Kwa hiyo tunawaomba wenye madaraka watimize mambo mawili. La kwanza, vijana wetu wafunzwe kuchambua, kuthamini na kukata almasi, na hesabu ya kila mzigo unaotoka nchini itangazwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. La pili, fedha ya almasi isitumiwe kana kwamba itakuja daima. Igeuzwe mapema kuwa shule, zahanati, gati na barabara, vitu ambavyo thamani yake haitegemei mapenzi ya wachumba wa ng'ambo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wa Ujiji walioweka akiba yao ya ushanga na wakashindwa kuutumia kwa wakati wake hawakuibiwa na mtu, walichelewa tu. Sisi hatuna udhuru wa kuchelewa, maana tumekwisha kuona.