Kopa siyo dawa ya kila jani la njano

Leo nitakuudhi kidogo, na baadhi ya wauza pembejeo nitawaudhi pia. Bora tuudhiane kuliko tuendelee kupoteza.

Juzi mama mmoja alinipeleka kwenye bustani yake ya nyanya, huku kwetu Buzuruga. Nyanya zimenyauka zikiwa bado za kijani, na ameshapiga kopa mara nne kwa ushauri wa dukani. Nilikata shina, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache likatoa uzi mweupe kama maziwa. Huo ni mnyauko bakteria. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na ndani ya shina, na kopa inayokaa juu ya jani haivifikii hata ukipiga mara ishirini. Hela aliyoitegemea kwa ada ya mtoto imeishia kwenye bomba.

Kopa tumeigeuza Panadol ya shambani. Jani la njano, kopa. Jani limejikunja, kopa. Tuache.

Kwanza tuelewane: kopa ni madini ya shaba, na shaba ni chakula cha mmea. Mmea unaitumia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kukomaza shina lisilale, na kuipa chavua nguvu ya kutunga mbegu. Ikipungua, nafaka huonyesha kwenye majani machanga: ncha hupauka, hukauka na kujisokota, kisha suke hutoka na mapepe. Ngano ya Bonde la Ufa kule Kenya ilishakutwa na upungufu huu tangu miaka ya 1960. Kwetu, udongo wa kuutilia shaka ni luseni, ule mchanga uliolimwa miaka mingi bila samadi.

Lakini kiasi chake ni kama chumvi kwenye mboga. Kilo moja ya majani makavu yenye afya ina miligramu 5 hadi 20 tu za shaba.

Sasa piga hesabu. Unga wa kopa wenye asilimia 50 ya shaba, ukipiga kilo 2 kwa hekta, umemwaga kilo 1 ya shaba. Mara kumi kwa msimu ni kilo 10. Misimu miwili kwa mwaka, kilo 20. Umoja wa Ulaya, tangu 2019, unaruhusu kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7. Wewe unazipita ndani ya mwaka mmoja na nusu!

Na shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo, mwaka juu ya mwaka. Ikizidi, mizizi hudumaa, nyungunyungu hupungua, na mmea hushindwa kupata madini ya chuma, majani machanga yanageuka njano. Ukiona njano hiyo, unapiga nini tena? Kopa.

Mvua ikinyesha, udongo wa bustani za mabondeni unateremka ziwani. Mrututu, ambao nao ni shaba, uliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho majini. Kinachoua konokono hakichagui, na sisi tunakula sato na dagaa wa ziwa hilohilo.

Utaniambia, "Bwana shamba, mbona kwa bakajani inanisaidia?" Ni kweli, na sikukatazi. Kopa ni kinga: inazuia vimelea juu ya jani kabla havijaingia. Haitibu kilichokwisha kuingia, haitibu mnyauko, na haitibu rasta, ambayo ni kirusi kinachosambazwa na nzi weupe.

Na sisi maafisa ugani tumo kwenye lawama. Nilipoanza kazi niliwahi kumwambia mzee mmoja "piga kopa" nikiwa nimesimama barabarani, bila kukanyaga shamba lake. Yalikuwa majani ya chini, njano ya kukosa naitrojeni. Alihitaji samadi, mimi nikamtuma dukani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua:

1. Angalia njano imeanzia wapi. Majani ya chini, fikiria naitrojeni kwanza. Majani machanga, fikiria chuma, shaba au madini mengine madogo.
2. Mmea ukinyauka ghafla, fanya jaribio la glasi.
3. Weka samadi iliyoiva. Ina shaba kidogo ya kutosha, na mengine mengi.
4. Usinunue mbolea ya shaba bila kupima udongo. Ulizia TARI Ukiriguru.
5. Ukipiga kopa kwa kinga, fuata kipimo cha lebo, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, na usioshee bomba mtoni.

Muuza duka akikupa dawa bila kukuuliza hata swali moja kuhusu mmea wako, weka hela mfukoni. Niletee jani na shina ofisi ya kata. Kuangalia ni bure.

Wako, afisa ugani.