SAA ZA MAPUMZIKO: Kafi Kwanza, Sanamu Baadaye

Askari mmoja ametuandikia kwamba ameona picha za zile sanamu za mti ziitwazo tiki, zenye macho makubwa na vinywa vilivyotanuka, naye angependa kujifunza kuzichonga katika saa zake za mapumziko. Anauliza aanzie wapi. Jibu letu ni kwamba aanzie kwenye kafi la mtumbwi, au hata mwiko wa kusongea ugali. Huenda jibu hilo likamshangaza, na ndiyo maana nafasi yetu ya juma hili tumeitoa yote kwa jambo hili moja.

Tiki si pambo tangu asili. Kwa Wamaori wa New Zealand, Tiki ni jina la mtu wa kwanza kuumbwa. Na katika visiwa vya Marquesas sanamu za jina hilo zilisimamishwa mahali pa ibada. Kuanzia miaka ya 1930 wenye mabaa wa California walianza kupamba kumbi zao kwa mambo ya visiwa vya Pasifiki, na kwa njia hiyo mzee Tiki akageuzwa kuwa mlinzi wa chupa. Hatumkatazi mtu kuipenda sura yake. Lakini anayejifunza kwa kuiga picha hana wa kumwuliza: kwa nini magoti yamekunjwa, kwa nini kichwa ni kikubwa kuliko kiwiliwili, mti uliingiwa wapi na tezo. Mwanafunzi asiye na wa kumwuliza huchoka mapema, na vyombo vyake huishia kutu chini ya kitanda.

Tena askari huyu asidhani kwamba kazi hii ni ngeni kwa watu wenye sare. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu nchini Kenya, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Huko alikutana na wachongaji wenyeji, akaketi karibu nao, akajifunza. Wakamba walikuwa tayari wakichonga vigoda na vyombo vya nyumbani, hivyo mkono wake haukuwa mtupu. Alichokipata Tanganyika ni namna ya kuutoa mtu na mnyama ndani ya gogo. Aliporudi Wamunyu aliwafundisha jamaa zake, na kutoka hapo ilikua kazi iliyolisha maelfu ya nyumba za Ukambani na hata Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kipo Changamwe. Yeye hakuagiza kitabu ng'ambo. Aliwauliza waliokuwa karibu naye.

Basi na tutazame walio karibu. Ziwa Mweru, lenye urefu wa kilomita 130 hivi, limegawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Upande wa Zambia iko Nchelenge na mji wake wa wavuvi, Kashikishi. Ng'ambo uko mji wa Kilwa wa Kongo, usichanganywe na Kilwa yetu ya pwani. Kibemba ndicho kisemwacho sokoni Nchelenge, lakini Kiswahili huvuka maji pamoja na wachuuzi wa samaki. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Nyavu huanikwa, mvua hunyesha, na mikono iliyozoea kazi hukosa la kushika. Ni majuma kumi na matatu ya kutengeneza vilivyovunjika, na hakuna majira yamfaayo zaidi mtu atakaye kujifunza kuchonga.

Niliwahi kupita Kashikishi katika majira hayo, nikamkuta mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, akichonga kafi chini ya mwembe. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza: "Shikulu, kijana akitaka kuchonga sanamu ya mtu, utamfundisha nini kwanza?" Akanijibu kwa Kiswahili cha ng'ambo, bila kuinua macho: "Achonge kafi, mukwai. Kafi baya litamwambia mwenyewe. Sanamu mbaya hunyamaza tu."

Maana yake niliielewa alipoliweka kafi mkononi mwangu. Kafi ambalo bapa lake limezidi uzito upande mmoja hujizungusha kiganjani kila ulichovyapo majini. Kafi ambalo nyuzi za mti zimekatwa mshazari shingoni litavunjika hapo hapo, na pengine katikati ya ziwa. Kwa hiyo mchongaji hufundishwa na maji yenyewe mambo mawili ambayo hayaepukiki katika sanamu: kusawazisha pande mbili, na kuufuata mkondo wa nyuzi. Asiye na ziwa karibu na achonge mwiko. Mama mwenye nyumba atamwambia kwa maneno machache kama mpini unaumiza mkono.

Sasa tuseme habari za mti, maana hapo ndipo wengi hushindwa kabla hata ya kuanza. Mwanafunzi hupenda kuokota gogo zima la mviringo, akachonga uso mzuri kwa siku kumi, na siku ya kumi na moja akakuta ufa kutoka paji la uso hadi kidevuni. Ufa huo haukuletwa na uchawi wala jua pekee. Gogo linapokauka hunywea zaidi kwa kuuzunguka mzingo wake kuliko kuelekea kwenye kiini. Mti huvutana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho hupasuka. Dawa ni kulipasua gogo mara mbili kwa kabari, kuondoa kiini, na kuchonga katika nusu moja. Vichwa vya gogo, yaani pale lilipokatwa kwa msumeno, vipakwe nta au rangi nzito, kwa kuwa maji hutokea upesi zaidi hapo. Kazi isiyokwisha leo ifunikwe kwa gunia lenye unyevu kidogo na kuwekwa kivulini. Mti mbichi ni laini na humhurumia mwanafunzi; mti mkavu huonyesha mikwaruzo midogo vizuri zaidi. Anza umbo ukiwa mbichi, maliza uso ukiwa mkavu.

Kuhusu aina ya mti, usianze na mninga, ambao Wabemba huuita mulombwa. Ni mti wa thamani, na unga wake huwawasha wengine pua na kifua. Wala usiguse mukula, ule mwekundu uliokatwa ovyo katika misitu ya Zambia kwa ajili ya biashara ya nje, hata mwaka 2019 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake hudhibitiwa. Kukata mti wa msituni kwahitaji kibali cha Idara ya Misitu, na haipendezi askari au polisi kukamatwa na gogo lisilo na karatasi. Tawi la mwembe lililoangushwa na upepo uani latosha. Wachongaji wa Kenya, walipoona muhugu unakwisha, walianza kutumia mwembe, mwarobaini na mjakaranda, na kazi zao zikauzika vilevile.

Vyombo visiwe vingi. Shoka dogo, tezo, patasi mbili, moja bapa na moja iliyopinda mdomo, kisu kifupi na jiwe la kunolea. Mhunzi wa kijijini hufua tezo nzuri kwa springi ya gari kuukuu. Noa kabla ya kuanza, kisha noa tena katikati ya kazi. Kisu butu ndicho kikatacho watu, kwa sababu hulazimishwa kwa nguvu na kuteleza. Mkono ushikao mti ukae nyuma ya makali siku zote. Gogo lisiwekwe pajani, bali juu ya kisiki. Na tezo isipigwe kuelekea mguuni. Watoto wakae mbali hatua tano, ingawa tunajua hawatakaa, hivyo wapewe mabanzi wacheze nayo.

Kafi likisha kukubali majini, mwanafunzi achukue ubao bapa, ajizoeze kuchora kwa kisu pembetatu zilizopangwa safu. Zoezi hili si letu. Watabwa, wakaao katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, walilipamba pambo hilo katika vitu vingi na kuliita balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Msomaji wa Kiswahili atalisikia neno lake mwenyewe ndani yake. Sanamu zao za wahenga ziliitwa mikisi. Husimama wima kwa utulivu, mikono imeshuka na kukaa juu ya tumbo, miguu mifupi, na juu ya ngozi zimechongwa chale safu kwa safu.

Sanamu hizo zilikuwa na kazi kama kafi lilivyo na kazi. Zilitunzwa, zikasemezwa, na mwenye sanamu alikuwa mwenye ukoo. Mwezi Desemba 1884 Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa na kituo Mpala katika Ziwa Tanganyika, aliwatuma watu wake kumshambulia mtemi Lusinga. Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na sanamu ya wahenga wake ikachukuliwa Ulaya. Leo imo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Mweru atakaye kuona kazi bora ya mababu wa jirani zake yampasa kupanda ndege, ilhali picha ya tiki wa baa aipata bure. Kwa walio Zambia, iliyo karibu zaidi ni Makumbusho ya Moto Moto huko Mbala, yaliyoanza na vitu vilivyokusanywa na Padri Jean Jacques Corbeil. Mkusanyo huo ni wa maisha ya Wabemba na jirani zao, na mwenye likizo ya siku chache hatajuta kufika.

Hapo ndipo sanamu ianze. Chora mstari wa katikati mbele, nyuma na ubavuni, nao usipotee mpaka mwisho. Ukifutika, uchore tena. Kata kwa msumeno shingoni, kiunoni na magotini, kisha chonga ukielekea kwenye mikato hiyo, ili banzi likome pale utakapo. Kichwa kipewe theluthi au robo ya urefu wote, kama wafanyavyo wachongaji wengi wa Afrika. Toa kwanza mapande makubwa. Usiguse macho. Kila mwanafunzi hupenda kuanza na macho, na kila mara hulazimika kuyaondoa anapogundua kwamba paji la uso lilikuwa bado nene.

Kwa kulainisha, jani la mti msasa, lile lililoipa karatasi ya dukani jina lake, lafaa sana mahali linapopatikana. Kisha paka nta ya nyuki iliyopashwa moto na kusugua kwa kitambaa. Wengine hupaka rangi nyeusi ya viatu ili mwembe uonekane mpingo. Najua kila askari anayo kopo lake. Na ibaki kwenye buti.

Juma lijalo tutaeleza kigoda cha miguu mitatu na namna ya kukizuia kisiyumbe.